Alisahihisha Sentensi, Swali Akaliacha

Nilikuwa nimeingiza mkokoteni mlangoni wakati jirani yangu alipoanguka. Alianguka katikati ya matuta mawili ya waridi, na ua moja alikuwa bado amelishika. Nilisikia makasi yake yakigonga bomba la maji, kisha nikasikia mwili. Nilipomfikia, mate yalikuwa yanamtoka kama mtoto anayeota meno, mengi, hayaishi. Macho yalikuwa wazi, lakini ile mboni nyeusi ilikuwa imebaki ndogo kama tundu la sindano. Misuli ya uso ilikuwa inaruka mmoja mmoja, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Nilimwita. Aligeuza uso upande wa sauti lakini hakuniona.

Msimamizi alikuja mbio, ameziba pua kwa kitambaa. Hicho kitambaa nitakirudia. Akatuuliza kwa Kiingereza kumetokea nini. Wanawake waliokuwa mle ndani, wengine wameshaanza kutapika, walimwangalia tu, midomo wazi. Asiyekuwepo hawezi kuelewa jambo hili. Tulikuwa tumezoeshwa kwa muda mrefu kwamba ukifungua mdomo mbele ya yule mtu, utoke na Kiingereza ama unyamaze. Sasa mwenzetu anakufa na ndimi bado zinatafuta pa kuanzia. Mimi nilimjibu kwa Kikamba. Sikuchagua. Kilichokuwa karibu ndicho kilichotoka, na maneno niliyomwambia siwezi kuyarudia mbele ya watu wa kanisa.

Nitasema ilivyokuwa mpaka tukafika hapo. Majina sitataja. Nitawataja kwa kazi zao, na wao wanajijua.

Nilikuja Kitengela katikati ya miaka ya tisini kutoka upande wa Machakos, nikimfuata mume aliyepata kazi ya simiti. Mume alienda njia yake, hiyo si habari ya leo. Wakati huo Kitengela ilikuwa barabara moja, mabucha, na vumbi. Nyumbu walikuwa wanapita nyuma ya choo chetu asubuhi kama watu wanaoenda kazini. Nilipanga chumba cha mabati, na chumba cha pili alipanga mama mmoja mjane kutoka upande wa Busia, ana wasichana wawili. Yeye Mluhya, mimi Mkamba. Akiongea lugha yao nacheka, nikiongea yetu anacheka yeye. Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokota, kila mtu na makosa ya kwao, lakini kilitosha kuombana chumvi, kumsengenya mwenye ploti, na kuombeana mtoto akiwa na homa. Aliniita Jirani na mimi nikamwita Jirani. Hata tulipojuana kiasi cha kulala kitanda kimoja wakati mvua ilipong'oa bati lake, hatukubadilisha.

Yeye ndiye alinitafutia kazi kwenye shamba la maua upande wa Isinya. Lori lilikuwa linatuchukua stendi kabla jua halijatoka. Ukikaribia, unaona zile nyumba za plastiki nyeupe kwenye uwanda, zimepangwa kama mashuka yaliyoanikwa. Kila moja na nambari yake. Ndani ni waridi, joto, na maji yanayopita kwa mabomba. Kazi yetu ilikuwa kukata maua, kuondoa machipukizi, na kubeba ndoo. Mimi niliachia shule darasa la nne. Kiingereza nilichotoka nacho kilikuwa kile cha kuomba ruhusa ya kwenda choo.

Basi wanunuzi wa ng'ambo wakaanza kutuma wageni wa kukagua. Wageni hao walikuwa wanataka kuongea na wafanyakazi wenyewe, wawaulize kama wanapewa glavu, kama wanapumzika, kama wanatukanwa. Meneja hakutaka mtu wa kutafsiri. Aliona mkalimani anaweza kuongeza chumvi. Akaamua sisi wenyewe tufundishwe Kiingereza saa ya chakula, na akamtoa msimamizi wetu awe mwalimu.

Sitadanganya, huyo msimamizi alikuwa mwalimu mzuri. Alikuwa kijana mwenye diploma ya kilimo, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Tulikuwa tunakaa chini ya neti ya kivuli, kila mtu na mkebe wake wa isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, ama ugali na sukuma, naye anasimama mbele na kipande cha kadibodi. Tulimwita Ticha. Mimi nilimpenda kama ndugu mdogo, na ndiyo maana nimemkasirikia hivi. Mtu usiyempenda hawezi kukuumiza mpaka miaka hii yote.

Tulikuwa na maswali mengi. Sijui watu waliosoma hufikiria nini, lakini mtu ambaye hakusoma akipata wa kumuuliza, hanyamazi. Jirani ndiye aliongoza. Alikataa kabisa habari ya "yeye" kuwa maneno mawili, la mwanamume na la mwanamke. Kwao neno ni moja, kwetu moja, Kiswahili moja. Wiki nzima alimwita meneja "she," na meneja ana ndevu mpaka kifuani. Ticha alicheka mpaka akakaa chini kwa ndoo. Jirani hakucheka.

"Kwani Mzungu hawezi kukusengenya," akauliza, "mpaka kwanza ajue umevaa suruali ama sketi?"

Mimi yangu ilikuwa pesa. Ticha alitufundisha kwamba vitu vya kuhesabika ni "many" na visivyohesabika ni "much," kisha akasema pesa ni "much." Nikamwambia, Ticha, hapa wewe umenipoteza, kitu cha kwanza binadamu alihesabu ni pesa. Akafikiria, akanijibu kwamba ukihesabu, unahesabu shilingi, pesa yenyewe hujaigusa. Jibu hilo lilinikaa. Usiku nikiwa nalala nilikuwa nalichambua kama njugu. Kulikuwa pia na habari ya "borrow" na "lend." Sisi wote tulikuwa tunasema "borrow me soap," na yeye anatuambia umegeuza, anayetoa si sawa na anayepokea. Na kichwa kuuma. Sisi tulisema "I am having headache," naye anasema hapana, wao husema tu wako nacho. Jirani akasema basi kwetu kichwa kinakuuma wewe, kwao wanakimiliki kama ng'ombe.

Jirani hakuwa anatafuta Kiingereza cha wageni wale. Wasichana wake walikuwa wameanza kukitumia nyumbani. Wakitaka kumficha jambo, wanaongea Kiingereza mbele yake, yeye anapika, wao wanacheka. Aliniambia hakuna upweke unaofanana na huo, watoto wako wanasema siri hatua moja kutoka kwa sufuria yako na huwezi kuingia. Jioni alikuwa anarudia maneno ya Ticha ukutani, na ukuta ni bati, kwa hivyo na mimi nilikuwa nayarudia upande wangu. Mkubwa wake siku moja alisema kitu kwa Kiingereza na Jirani akamjibu kwa Kiingereza, kifupi tu, kwamba amesikia. Kisha nikasikia Jirani anacheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Hivyo ndivyo kulikuwa. Ningependa niishie hapo.

Meneja ndiye aliyeleta sheria. Kila asubuhi kulikuwa na paredi, tunasimama mistari mbele ya chumba cha baridi cha kuhifadhia maua, tunagawiwa kazi, na mwisho tunaulizwa kama mtu ana swali. Zamani hapo ndipo tulisema kila kitu. Gambuti zimetoboka. Maji ya choo hayapo. Hii dawa mpya inawasha macho. Meneja akaona hiyo paredi inachelewesha kazi. Akasema kuanzia siku hiyo, mwenye swali aulize kwa Kiingereza, ili tuzoee. Atakayetumia Kiswahili ama lugha ya mama, siku hiyo ndiye atasukuma mkokoteni wa takataka.

Mkokoteni huo ulikuwa wa matawi na maua yaliyooza, yamelowa, miiba imetokeza kila upande, na shimo la kumwagia liko mwisho wa shamba karibu na ua wa seng'enge. Ukipita nao, watu wa kila nyumba wanakuita, "Swahili! Swahili!" Mwanzoni ilikuwa mchezo. Hata mimi niliita wenzangu. Na kama umejaribu Kiingereza ukakosea, Ticha alikuwa anakusimamisha pale pale, anakunyoosha, unarudia mbele ya wote mpaka sentensi inyooke. Saa ya chakula, jambo hilo hilo lilikuwa tamu. Kwenye paredi, na meneja amesimama na mbwa wake, lilikuwa jambo lingine.

Kulikuwa na mzee mmoja Mmaasai wa kurekebisha seng'enge. Aliuliza habari ya viatu kwa Kiswahili, akasukuma mkokoteni siku nzima na vidole vinaonekana. Kesho yake akatoka mstarini, akainua mguu mbele ya meneja, akasema, "Boots. Dead." Meneja mwenyewe alicheka, na mzee akapewa gambuti mpya. Sisi tukaona kumbe inawezekana. Hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake.

Wengi wetu lakini hatukuwa na moyo wa yule mzee. Maswali yalikwisha. Meneja akiuliza kama kuna swali, unasikia plastiki zinapigwa na upepo tu. Nilimsikia akiwaambia wageni kwamba watu wake hawana malalamiko, na nafikiri aliamini. Shamba lilikuwa limejaa watu wenye jambo la kusema, kila mtu anapanga maneno kichwani, hajui kama ni "was" ama "were," anaamua aache mpaka kesho.

Sasa sikia habari ya kibendera. Nyumba ikipigwa dawa, mlangoni kulikuwa kunachomekwa kibendera chekundu kwa fimbo. Kibendera kikiwa pale, hakuna kuingia, hata paka. Wapiga dawa ndio walikuwa wanakitoa, dawa ikishakauka na muda wake ukiisha. Hao walikuwa wanavaa nguo nyeupe mpaka kichwani, na vinyago. Sisi tulikuwa na dastikoti na leso.

Ilikuwa mwezi wa pili, zile siku kabla ya sikukuu ya Wazungu kupeana maua. Hapo shamba huwa linapandwa na wazimu. Kila ua jekundu linatakiwa Nairobi, kwa ndege, jana. Tuliteremka kwa lori kukiwa bado na baridi ya uwanda. Yule mzee wa seng'enge siku hizo alikuwa amewekwa langoni. Akanisalimia kwa Kimaasai, "Sopa." Nikamjibu, "Ipa." Kisha akaziba pua na kuelekeza rungu kwenye nyumba ya tisa. Akaniambia trekta la dawa limetoka mle sasa hivi, nyinyi mkiwa njiani.

Niliangalia nyumba ya tisa. Kibendera hakikuwepo. Tundu la fimbo lilikuwa bado na udongo mbichi pembeni.

Nikamwambia Jirani. Akaniambia labda wamejaribu tu mashine. Nikamwambia, wewe nusa. Akanusa, akanishika mkono, tukaenda paredi.

Kwenye paredi tukapangwa nyumba ya tisa, mstari wetu wote, tukakate kila kitu kilichofunguka. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya msimamizi, anaangalia saa. Wakauliza kama kuna swali. Nikainua mkono. Jirani alinifinya kiwiko, akanong'ona, "Jirani, polepole, usikimbize maneno."

Nilikuwa nimeyapanga tangu langoni. Nikasema, "House nine, they spray today morning. We are enter how?"

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Ticha alitabasamu kama anavyotabasamu saa ya chakula. Akainua kidole. Akasema ni "they sprayed," kwa sababu limeshapita. Na si "today morning," ni "this morning." Na mwisho ni "how do we enter." Akaniambia nirudie yote.

Nikarudia yote. "House nine, they sprayed this morning. How do we enter?"

"Very good, mama," akasema. "You see? You are learning."

Akapiga makofi. Mistari yote ikapiga makofi. Meneja alipiga, mbwa akabweka. Nafikiri hata uso wangu ulitabasamu, maana uso hujibu makofi kabla ya akili. Halafu Ticha akageuka kuwaambia watu waende kazini.

Nilisimama pale na sentensi yangu imenyooka kama fimbo. Wenzangu walikuwa wameshaanza kutembea. Nikapaza sauti kwa Kiswahili.

"Na swali langu? Nimeuliza, hiyo nyumba imepigwa dawa asubuhi hii, tunaingiaje?"

Msimamizi alimtazama meneja. Nilimwona. Nitaapa popote kwamba nilimwona. Alimtazama meneja, na meneja akatikisa kichwa mara moja, akaonyesha saa yake. Ndipo msimamizi akanigeukia, na hakuwa tena anatabasamu, akanyoosha mkono upande wa chumba cha baridi, mahali mkokoteni ulipokuwa umeegemezwa.

"Swahili," akasema. "Nenda uchukue."

Jirani alinitania akiwa anapita, aliniambia nimesahau somo mbele ya makofi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu yenye maana. Akaingia nyumba ya tisa na wenzake. Mimi nikaenda na mkokoteni.

Sasa umeelewa kwa nini niko hapa naandika. Adhabu ndiyo iliniokoa. Nilisukuma takataka ya nyumba za kwanza mpaka shimoni, jua likapanda, na jua likipanda zile nyumba huwa zinageuka sufuria yenye kifuniko. Dawa iliyokuwa imelala kwenye majani ikaamka. Nilipofika mlango wa tisa kuchukua matawi, kulikuwa na mvuke machoni kama wa kitunguu, na nikaona wanawake wameinama, nikafikiri wanakata. Hawakuwa wanakata. Ndipo Jirani akaanguka.

Nilimbeba mimi na mwingine. Nguo zake zilikuwa zimelowa dawa ya majani, mate yake yalinilowesha shingo na mikono. Pikapu ya shamba ilitafutwa. Dereva alikuwa amepeleka maua. Maua yalitangulia. Tulipopata gari tulielekea Kajiado, wanne nyuma kwenye turubai, mimi nimemshika kichwa, na mimi mwenyewe nimeanza kutetemeka na kuona nuru imepungua kama jua limepatwa. Hospitali walitupokea vizuri, hao siwalaumu. Walituvua nguo, wakatuosha, wakatudunga sindano. Daktari alikuwa anauliza ni dawa gani, jina lake. Hakuna aliyejua. Alituma mtu apige simu shambani, na simu ikasema meneja yuko na wageni.

Wengine waliamka. Mimi niliamka. Jirani hakuamka.

Ilikuja siku ya kuitwa Kajiado mjini, kwa ofisi, mbele ya afisa wa mambo ya kazi. Nilivaa nguo ya kanisa. Niliambiwa nitapewa nafasi. Meneja alikuja na wakili, msimamizi amevaa tai. Wote waliongea Kiingereza, na afisa akaongea nao Kiingereza, vikombe vya chai vinapita. Nilipoongea mimi kwa Kiswahili, niliongea mpaka mate yakakauka. Nilisema habari ya trekta, ya kibendera, ya makofi, ya kitambaa. Niliuliza, kama msimamizi hakujua kuna dawa mle, kwa nini alikuja ameziba pua? Afisa aliandika kidogo sana. Mzee wa seng'enge hakuja. Nilisikia amehamishiwa shamba lingine upande wa Loitokitok, wiki ile ile.

Kisha msimamizi akasimama. Alisema kwa Kiingereza kwamba hakuna swali lolote la usalama lililoulizwa asubuhi ile. Alisema huyu mama alikuwa anafanya mazoezi ya lugha, kama ilivyo mpango wa kampuni wa kuwaendeleza wafanyakazi. Alisema tena kwamba huyu mama hata hakuwa ndani ya ile nyumba, alikuwa na mkokoteni, kwa hivyo hawezi kushuhudia. Nilisikia kila neno. Sikuhitaji mtu wa kutafsiri, yeye mwenyewe ndiye alinifundisha. Sentensi zake hazikuwa na kosa hata moja.

Na Jirani walimwita "the deceased." Niliuliza baadaye maana yake nikaambiwa ni marehemu. Mama aliyegombana wiki nzima na "he" na "she," mwisho hakupewa hata moja. Aliondolewa kwenye hayo yote.

Afisa alifunga faili, akasema ni uzembe wa wafanyakazi kutofuata alama. Alama gani? Ile waliyoing'oa?

Watu wa ploti waliniuliza, na bado huniuliza, na wa kanisa wakaniuliza, kwa nini hukusema kwa Kiswahili. Ati ningepiga kelele. Ati ningemshika Jirani nguo. Nimechoka kujibu hilo swali. Nilisema kwa Kiingereza. Nilisema kwa Kiswahili. Nilisema mbele ya mistari yote na mbele ya meneja na mbwa wake. Waliosikia ni wengi. Anayestahili kuulizwa si mimi niliyeinua mkono.

Mikono yangu haijapona. Sindano siwezi kutunga uzi, kikombe nashika kwa mikono miwili kama mtoto. Kifua kinabana wakati wa baridi. Sikurudi kwenye maua. Nimeuza mboga, nimefua nguo za watu, nimefuga kuku mpaka wakafa na ugonjwa. Wasichana wa Jirani walichukuliwa na nyanya yao wakapelekwa Busia. Nilifunga nguo zao kwenye gunia, na yule mkubwa akaniuliza mama yao alisema nini mwisho. Sikumwambia kwamba alinitania. Nilimwambia aliwaita.

Huyo mkubwa sasa ni mtu mzima, ana kazi. Amenipigia simu mwaka huu. Anaongea Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza kama wenzake wa umri wake, lakini aliniongelesha polepole, kwa heshima, ananiita mama. Hakuuliza habari ya fidia. Aliniuliza jambo moja: ni nani aliyetoa kibendera, na walijua ama hawakujua? Alisema hawezi kuwaambia watoto wake nyanya yao alikufaje kama yeye mwenyewe hajui. Nikamwambia, mwanangu, hilo swali nililiuliza kabla wewe hujakosa mama. Bado liko pale nilipoliacha.

Na anayejua yuko. Msimamizi yuko hapa Kitengela. Ana duka la vyakula vya kuku na dawa za mifugo, nyuma ya stendi ya zamani, mahali palipokuwa pori la nyumbu. Amenenepa. Nilikutana naye mlangoni kwa duka lake nikitafuta chakula cha vifaranga, akanitambua kabla sijamtambua. Alinisalimia. Alinisalimia kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri, kilichonyooka.

"Mama, habari za siku nyingi? Mmepotea sana."

Tangu ile sheria ya meneja sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili kirefu hivyo. Kumbe bado alikuwa nacho. Nilimtazama, nikaondoka bila chakula cha vifaranga.

Nimetulia sasa na naandika. Meneja sijui alikoenda, nasikia alirudi kwao. Afisa amestaafu, na akisoma hii ajue kwamba nilihesabu mara alizochukua kikombe cha chai na mara alizochukua kalamu. Lakini wewe msimamizi, wewe Ticha, uko umbali wa kutembea kutoka kwangu, na duka lako hufunguliwa kila siku. Nimekuuliza kwa Kiingereza kibovu, ukaninyoosha. Nimekuuliza kwa Kiingereza kilichonyooka, ukanipigia makofi. Nimekuuliza kwa Kiswahili, ukanipa mkokoteni. Hakuna lugha nyingine niliyo nayo ila ile ya mama yangu, na hiyo uliisikia siku ile ukiwa umeziba pua.

Nyumba ya tisa ilipigwa dawa saa ngapi, na nani aling'oa kibendera? Mtoto wa Jirani anangoja. Mjibu kwa lugha unayotaka. Kama atahitaji mtu wa kumfafanulia, mimi niko.